Mgonjwa wa Kwanza Asubuhi

Mama Amida alirudi kutoka kliniki na dawa za goti ndani ya mfuko, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, akavua viatu, na kabla hajaomba hata maji akamwambia mwanawe:

"Leo nimekukana, Kasimu. Mungu anisamehe."

Kasimu alikuwa mezani, kompyuta yake imezungukwa na vikombe vya chai ambavyo hakuna aliyekumbuka kuviondoa. Aligeuka polepole. Mama yake hakuwa mtu wa mzaha kabla ya kula.

"Kunikana namna gani, Mama?"

"Nilifika kule mapema, niko mutu ya kwanza. Nyuma yangu bantu bakajaa. Ule mutoto ya resepsheni akaandika jina yangu mu mashini yako. Tukangoya. Tukangoya tena. Mama moja nyuma akauliza, 'Kasimu eko wapi leo?' Mwengine akajibu, 'Kasimu angali analala.' Bantu bote bakacheka. Mimi nikafikiri banasema juu ya mutu. Nikauliza, Kasimu nani? Bakanionyesha mashini. Banasema njo jina yake, iko imebandikwa pale juu, na numéro ya simu."

Kasimu alijua kibandiko hicho. Alikuwa amekichapisha mwenyewe kwa rangi ya buluu, akakibandika kwenye kompyuta ya mapokezi kwa fahari, ili mtu mwingine akitaka programu kama ile ajue pa kumpata.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nikacheka nabo. Mama moja akaniuliza kama namujua huyu Kasimu. Nikasema hapana, mimi natoka Ruashi."

Walikuwa wakikaa Kamalondo, mtaa mwingine wa Lubumbashi, na Mama Amida hakuwa amelala Ruashi hata usiku mmoja tangu azaliwe. Chadia, mke wa Kasimu, aliyekuwa akichambua majani ya sombe kwenye sinia, aliinama ili asionekane anacheka. Hakufaulu.

Kwa miezi mingi Kasimu alikuwa amefanya kazi moja tu: kuingiza fishi za wagonjwa wa kliniki moja ya Katuba ndani ya kompyuta. Fishi zilikuwa kadi za karatasi, maelfu kwa maelfu, zimejaa kwenye makabati, nyingine zimeliwa na panya. Alizipiga picha, akaandika majina, tarehe na magonjwa, na sasa mtu akifika mapokezi jina lake linaandikwa na fishi yake inatokea. Kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa ameacha kiti chake katika ofisi ya wakala wa forodha kule Kasumbalesa, ambako alikuwa akilala siku tano za juma na kuja nyumbani Jumamosi akinuka mafuta ya malori. Alipoaga, wenzake walimwambia atarudi. Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa.

"Haiwezekani," alisema. "Niliipima. Mama, kuja uone."

Akaandika jina, akabonyeza. Fishi ilitokea kabla kidole hakijainuka. Akabonyeza tena, ikatokea vilevile.

"Umeona?"

"Ya hapa iko mbio," Mama Amida alikubali. "Ya kule njo iko na usingizi."

"Ni ileile moja. Nilikopi yote vile iko, na kompyuta hii haina nguvu kupita ile ya kule."

Chadia aliacha sombe, akafuta mikono kwa kanga, akaja kusimama nyuma ya mumewe. Yeye alikuwa akifundisha informatiki katika shule moja ya sekondari, na yeye na Kasimu walikuwa wamekaa benchi moja chuoni, yeye akinakili kwa Kasimu mara chache na Kasimu akinakili kwake mara nyingi.

"Umetafuta jina gani?" aliuliza.

"Jina lolote."

"Lipi?"

Kasimu alikohoa. "Lako."

"Na jana ulipopima?"

"Lako."

"Na siku zile zote ulizokuwa unaniambia inaenda kama umeme?"

Mama Amida alitazama ukuta kwa adabu, kisha akasema, "Eko anakupenda."

"Anipende, Mama, ni vizuri. Lakini mashini imenizoea." Chadia alivuta kiti. "Bwana yangu, kila ukiuliza kitu, mashini inaenda kukitafuta mu diski, kule chini, mbali. Ikishakileta, inakiweka karibu, mu kumbukumbu. Ukiuliza tena haiende tena kokote. Inakupa kile iko nacho mu mukono. Wewe haukupima kutafuta. Ulipima kukumbuka. Na kule kliniki, jioni banazima yote. Asubuhi haikumbuki mutu hata moja."

Kasimu alikuwa akiyajua hayo yote. Aliyajibu katika mtihani, akapata alama nzuri. Ndiyo maana yalimchoma.

"Sawa," alisema. "Nafuta."

Akaisimamisha programu inayotunza fishi, akaiwasha upya ili iwe haijui kitu. Akaandika jina la mkewe, akabonyeza. Fishi ilitokea, si upesi kama mwanzo, lakini upesi wa kutosha mtu kujivuna.

"Bon," alisema, akiegemea kiti. "Nimefuta. Na bado inakimbia."

"Umefuta moja. Ziko mbili. Programu iko na kumbukumbu yake, na mashini yenyewe iko na yake, chini. Ile ya chini haujaigusa."

"Chadia."

"Iguse, basi. Kama ninadanganya nitaomba pole mbele ya mama."

Aliigusa. Aliandika amri ambayo tangu chuoni hakuwahi kuiandika, ile inayoiambia mashine itupe kila ilichokiweka karibu. Kisha akaiwasha upya programu ya fishi, akaandika jina la mkewe kwa mara nyingine, na akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Duara dogo lilizunguka katikati ya kioo. Mama Amida alitoa tasbihi yake mfukoni na kuanza kuipitisha vidoleni, midomo ikicheza. Chadia alirudi kwenye sombe. Jirani alipita dirishani, akasalimia, akajibiwa, akaulizwa habari za shemeji yake aliyeko Mokambo, akaeleza. Tasbihi ilikuwa imekwisha na kuanza tena pale fishi ilipotokea, na picha ya kadi ya zamani ikijifungua taratibu kutoka juu kwenda chini.

"Njo hii," alisema Mama Amida. "Njo hii kabisa niliona leo."

Kasimu alifunga kompyuta, akatoka nje, akasimama uani akiitazama kamba ya nguo.

*

Kesho yake alikwenda Katuba. Hakwenda mapema, alisubiri watu wapungue, maana hakutaka kuwepo mtu atakayesema Kasimu ameamka. Mapokezi alikuwapo Gracia, msichana mchangamfu wa Kikasai, anayesuka nywele zake upya kila juma.

"Yaya Kasimu, pole ya jana," alisema mara moja, akimwita yaya kama anavyoitwa kaka mkubwa. "Ilikuwa kosa yangu. Nilichelewa."

"Ulichelewa nini?"

"Kuiamusha." Akaona uso wa Kasimu haujaelewa. "Mashini, si unajua iko na kichwa nzito asubuhi? Mimi naingiaka mbele ya bantu. Nafungua, naandika majina ya bale bako na rendez-vous ya siku ile, moja moja, huku nikikunywa chai. Bantu bakifika, inaenda mbio. Jana tumbo ilinisumbua, nikafika pamoja nabo. Njo maana ikalala."

"Tangu lini unafanya hivyo?"

"Tangu ulileta. Nilifikiri njo vile inatumiwaka."

Kasimu aliketi kwenye benchi la wagonjwa. Msichana huyu alikuwa amemsitiri kwa miezi bila kujua anamsitiri. Angeweza kulia, lakini kilichomjia kwanza kilikuwa nafuu, na nafuu ile ilikuwa tamu. Jumatano ijayo Docteur Simone, mwenye kliniki, angekuja na administrateur wake kuitazama programu mara ya mwisho na kutia saini: Katuba hapa, na tawi jipya alilokuwa akilijenga Kasungami. Katika ofa yake Kasimu alikuwa ameandika kwa herufi nene kwamba kutafuta fishi hakuzidi sekunde moja.

"Jumatano utakuwa na tumbo muzuri?" aliuliza.

Gracia alicheka. "Jumatano nitaiamusha mbele ya jua. Usiogope, Yaya."

Alirudi Kamalondo akipiga mluzi. Akamweleza mkewe jikoni, akidhani analeta habari njema. Chadia alikuwa akisonga ugali wa bukari, na hakuacha kusonga.

"Donc shida imekwisha," alisema.

"Imekwisha. Hata wakubwa wanafanya hivyo, unajua. Mashini inapashwa moto kwanza. Iko njia ya kikazi."

"Iko njia ya kikazi ya kuitumia. Haiko njia ya kuipima." Mwiko uligonga sufuria. "Na uliandika moja mu ofa. Moja ya nani? Mgonjwa ya rendez-vous, sawa. Ule anaanguka usiku na anafika asubuhi bila rendez-vous, Gracia ataandika jina yake namna gani mbele, eko nabii?"

"Unataka nirudi Kasumbalesa?"

Hapo Chadia aliacha kusonga. Hakutaka arudi Kasumbalesa. Mwaka ule wote wa kulala peke yake na kumsikia mumewe kwa simu, malori yakipiga honi nyuma ya sauti yake, hakuutamani tena, na Kasimu alijua. Ndiyo maana alilitumia neno hilo, na aliona aibu kidogo alipoliona limefika.

"Sitaki urudi," alisema Chadia. "Njo maana nakuambia."

Mama Amida, aliyekuwa akisikia kila kitu kutoka sebuleni kama kawaida, aliingilia bila kuinuka.

"Kasimu, mimi banapashwa kuniona tena Jumatatu. Nitaenda kule ya kwanza, sababu baridi ya asubuhi njo inaniuma. Kama ule mutoto iko na tumbo tena, nitasema natoka wapi sasa? Ruashi nimekwisha kuitumia."

*

Jumamosi na Jumapili kwenye meza ya kulia hakukuliwa chakula. Walikula mkekani, na meza ikawa ya kazi.

Kasimu alianza kwa hasira na kasi. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amepata ushindi mara tatu. Alibadilisha jambo moja, akapima, fishi ikaruka, akaita, "Chadia, kuja." Chadia akaja, akasema neno moja tu, "Futa." Akafuta zote mbili, akapima tena, na ushindi ukafa mbele ya macho yao, duara likizunguka palepale. Akabadilisha jingine, ikaruka, futa, ikafa. Mara ya tatu hakumwita. Alifuta mwenyewe kabla ya kufurahi, na huo, Chadia alisema baadaye, ndio wakati kazi ilipoanza.

Ilikuwa kazi ya kuchosha kwa sababu haikuwa na mkato. Kila jaribio lilitaka kumbukumbu ya programu itupwe, na ile ya mashine itupwe, na jina liwe jipya, ambalo halijaulizwa. Jina la Chadia lilipigwa marufuku. Mama Amida aliombwa atoe majina, na akayatoa kwa raha: majirani, mashemeji, wanawake aliokosana nao kwenye harusi. Wengi walikuwa na fishi Katuba.

"Tafuta ya Mwape," alisema. "Ule anasemaka haendake hospitali, anajitibuka na majani."

Duara lilizunguka. Mwape alitokea.

"Nilijua," alisema Mama Amida.

"Mama, usisome. Iko siri ya mgonjwa."

"Sijasoma. Nimeona tu kama eko."

Kasimu aligeuza kioo upande wake, na tangu hapo mama alitoa majina bila kuona majibu, akaihesabu subira kwa tasbihi. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba. Kompyuta ilikuwa na hesabu yake kamili pembeni, lakini wote watatu walizoea kutazama vidole vya mama.

Polepole walielewa inakokwama. Kila ilipoulizwa jina moja, programu ilikuwa ikizipitia fishi zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na kila fishi ikiwa imebeba picha yake nzito mgongoni. Ni kama karani anayetafuta jina kwa kulivuta kabati zima hadi kwenye dirisha. Kumbukumbu ikiwa imejaa, hakuna aliyeona ujinga huo. Kumbukumbu ikiwa tupu, ujinga ulikuwa uchi.

"Nani aliweka mapicha pamoja na majina?" aliuliza Chadia.

"Mimi."

"Sababu gani?"

"Ilikuwa rahisi. Na ilikuwa inaenda mbio."

Hawakucheka, kisha wakacheka. Jumapili Kasimu alizitoa picha, akazihamishia mahali pake, ziwe zinaitwa pale tu mtu anapotaka kuzifungua. Akaitengenezea programu faharasa ya majina, ili iende moja kwa moja inakotakiwa. Akafuta kumbukumbu zote mbili. Mama Amida akatoa jina la binamu wa marehemu mumewe, mtu ambaye, alisema, hata ukoo umemsahau, sembuse mashini.

Tasbihi ilipita punje chache, na fishi ikatokea.

Kasimu alifuta tena na kujaribu jina jingine, na jingine. Ilikuwa ileile: sekunde nne, wakati mwingine pungufu kidogo. Diski ya kompyuta hii, kama ile ya kliniki, ilikuwa ya zamani na isingeweza kufanya muujiza.

"Nne," alisema. "Niliandika moja."

"Nne iko muzuri," alisema Chadia.

"Nne haiko moja."

Mama Amida aliirudisha tasbihi mfukoni na kuuliza kama sasa meza inaweza kurudi kuwa meza. Jumatatu asubuhi Kasimu alitangulia kliniki kuiweka programu mpya, na mama yake akafuata kwa goti lake. Alipoulizwa jioni ilikwendaje, alisema ameitwa mara moja, amedungwa sindano, na hakupata hata nafasi ya kuongea na watu.

*

Jumatano Docteur Simone alifika mwenyewe mchana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Nyuma yake alikuwa administrateur, Bwana Mulenga, aliyeibeba ofa ya Kasimu ndani ya faili kama mtu anayebeba yai. Chadia alikuwa ameomba ruhusa kati ya vipindi viwili, akasimama karibu na mlango na chaki mikononi.

"Tuone," alisema Docteur.

Akataja jina. Gracia akaliandika, akabonyeza, na fishi ikatokea kabla ya mtu kupumua. Akataja la pili, likatokea. La tatu, vilevile. Bwana Mulenga alipiga makofi mawili madogo.

"Voilà. Chini ya sekunde. Iko sawa na ofa."

Docteur Simone alivaa miwani na kunyoosha mkono apewe kalamu.

Kasimu alimtazama Gracia, na Gracia akamkonyeza. Majina yale matatu yalikuwa ya watu wenye miadi siku ile. Gracia alikuwa ameyapitia yote tangu asubuhi, kwa moyo mweupe, kama alivyoahidi. Kasimu alikuwa amesahau kumwambia aache. Au hakusahau, hata yeye hakuweza kusema kwa hakika. Alimtazama mkewe. Chadia alikuwa akisoma bango la chanjo ukutani kwa makini makubwa, na hakugeuka. Alimwachia aamue mwenyewe.

Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi.

"Docteur, samahani. Usitie saini bado."

"Kwa nini?"

"Hii haikutafuta. Hii imekumbuka. Majina haya Gracia alishayatafuta asubuhi. Naomba tuzime."

Bwana Mulenga alisema hakuna haja, wameona. Kasimu alikuwa tayari ameinama chini ya meza. Alizima kompyuta yote, na ikawa kimya, na kuwaka kwake upya kulikuwa kurefu kuliko alivyofikiria. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akisubiri aliuliza kama imeharibika. Bwana Mulenga alitazama saa yake kwa namna ya kutaka aonekane anaitazama.

Ilipowaka alisema, "Docteur, tupe jina ambalo hakuna mtu amelitafuta leo. La zamani."

Docteur Simone alifikiri. "Ntumba Mujinga. Alikuwa jirani yetu. Alihama."

Gracia aliandika, akabonyeza. Duara likazunguka. Katika chumba kilichonyamaza, sekunde nne ni ndefu. Zinatosha mtu kujuta. Kisha fishi ikatokea.

"Hiyo haikuwa moja," alisema Bwana Mulenga.

"Ni nne. Asubuhi, ikiwa haijui kitu, ni nne. Baadaye inashuka."

"Kwenye ofa uliandika moja."

"Niliandika nilichopima, na nilipima vibaya."

Docteur Simone alivua miwani. "Na kabla ya leo? Juma lililopita, asubuhi?"

Kasimu angeweza kusema sekunde kumi. Hakuna aliyekuwa na hesabu nyingine. "Karibu dakika," alisema. "Wakati mwingine dakika."

Daktari alimgeukia Gracia, na Gracia akainamisha kichwa, akaeleza habari za chai na majina ya asubuhi kwa sauti iliyozidi kupungua. Alipomaliza, Docteur hakupandisha sauti, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Mutu anafika hapa mlango ukifunguliwa, hajakuja kutembea. Amekesha na maumivu, amengojea jua. Huyo njo mlimuwekea dakika. Ule wa saa nne, amekuja na rendez-vous na gazeti, mlimuwekea sekunde moja."

Gracia alifuta jicho kwa ncha ya kidole.

"Bwana Mulenga, mpe kalamu."

Kasimu aliambiwa afute neno "moja" kwa mkono wake mwenyewe, aandike "nne, baada ya kuzimwa", na atie saini pembeni, mbele ya wagonjwa watatu walionyoosha shingo. Kisha Docteur alitia saini yake, kwa ajili ya Katuba. Ukurasa wa Kasungami aliugeuza na kuuacha mtupu.

"Kule tutaona. Nitakuja hapa siku nitakayotaka, nitavuta waya mwenyewe, na nitatafuta jina nitakalotaka. Ikiwa nne, tutaongea. Ikiwa mbili, tutaongea haraka." Alimrudishia Bwana Mulenga kalamu. "Ungenyamaza, ningetia saini zote."

"Najua, Docteur."

"Mimi pia sasa najua." Akaenda zake kuona wagonjwa.

*

Nje, Chadia alinunua mikate miwili kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga kando ya lango, akampa mumewe mmoja. Kasimu aliushika bila kuuma.

"Nusu," alisema. "Nimepata nusu. Na Mulenga ataenda kusema kila mahali kama niliandika uongo."

"Ataenda kusema uliufuta."

"Mulenga?"

"Non, si Mulenga," Chadia alikubali. "Lakini nusu iko Lubumbashi, haiko Kasumbalesa. Kula."

Alikula. Ulikuwa wa moto. Walikuwa wamesimama bado pale wakibishana kama diski mpya ingeleta mbili au tatu, Chadia akishikilia tatu, feni ya mapokezi iliposita kuzunguka na redio ya muuza mikate ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Wakati uleule pikipiki ilisimama langoni, na mwanamke akashuka akiwa amembeba msichana mkubwa kidogo kuliko wa kubebwa, miguu ikiburura. Walikuwa wametoka Kasungami, alimwambia dereva huku akimlipa bila kumtazama, na vumbi la njia ile lilikuwa limewapaka hadi nyusi.

Kasimu alirudi ndani bila kufikiri, akasimama kwenye kizingiti. Gracia alikuwa akiwasha betri za akiba. Kompyuta iliyokuwa imezimika ilianza kuamka.

"Jina ya mutoto?"

"Benita. Benita Ngoie. Alikuyaka hapa zamani, mbele tuhame. Eko na maumivu mu mifupa, tangu usiku."

Gracia aliandika. Kasimu alijikuta ameshika fremu ya mlango. Duara lilizunguka, na likaacha kuzunguka. Gracia alisoma, akainuka nusu, akaita kuelekea koridoni kwamba ni mtoto wa drépano, yaani selimundu, na akataja dawa ambayo fishi ilisema asipewe. Muuguzi alitokea na kiti cha magurudumu, mama na bintiye wakaingia ndani, mlango ukajifunga nyuma yao. Gracia alimgeukia mtu aliyefuata.

"Jina?"

Kasimu aliendelea kusimama pale. Alikuwa akingoja, bila kujua anangoja nini. Labda mtu aseme kitu. Mzee mmoja kwenye benchi alipiga mwayo. Wanawake wawili walikuwa wakiongea juu ya bei ya bitoyo, samaki wa chumvi. Hakuna aliyeitazama mashine.

Chadia alimvuta shati kwa nyuma.

"Twende," alisema. "Niko na kelasi."